Mgeni Aliyekaa Kwenye Kiti cha Mama

Mtu akiniuliza zamani radio kwetu iliitwaje, hasira inanipanda, hata kama anayeuliza ni mjukuu wangu asiye na kosa. Iliitwaje! Iliitwa kila kitu. Padri wa Fizi alisema poste. Mwalimu wetu, aliyependa kutuonyesha Kifaransa chake, alisema te-es-ef, kisha akatutazama kama mtu aliyetugawia nyama. Makarani wa bureau walisema radio, na askari wenye Kilingala chao walisema hivyo hivyo. Mwenye duka wa mjini Baraka, Mwislamu ambaye ukoo wake ulitoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Ujiji, alisema redio, na sisi tuliosema vingine alitucheka. Wazee wengine walisema simu ya upepo. Katika Kibembe cha nyumbani kwetu neno halikuwapo kabisa. Bibi yangu alisema tu "ule mutu wa ndani", na lile duka alilipitia mbali.

Baba mukubwa, kaka ya marehemu baba yangu, ndiye aliyekuwa kichwa cha nyumba yetu. Yeye jambo hili lilimkera. "Kitu gani hii iko na majina mingi hivi?" alisema. "Mutu mwenye kubadilisha jina kila fasi, ule anakimbia kodi!" Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao.

Sanduku lenyewe lilikaa juu ya meza ya lile duka, na betri yake nzito kama jiwe la kusagia, na waya uliotoka dirishani ukapanda kwenye mti mrefu wa mwanzi. Jioni kulikuwa na maneno ya Kiswahili, na mwisho wake walisoma ujumbe kwa jamaa: fulani amefika salama, fulani amezaa, fulani anatafutwa na ndugu zake. Watu walinunua chumvi polepole saa hiyo ili wasikilize.

Nilikuwa msichana wa shule, nimetumwa chumvi kama wengine. Sauti ikataja jina la kaka yangu mkubwa, aliyekuwa amekwenda Katanga kwenye migodi. Ikataja jina la baba. Ikataja kijiji chetu. Ikasema amekufa hospitalini, ndugu zake wajue. Kisha likaja gitaa. Mpaka leo gitaa lile sijalisamehe.

Mwenye duka akapunguza sauti, akasema Innalillahi. Bamama waliokuwa mlangoni wakanitazama mimi. Niliondoka mbio nimeacha chumvi, nao wakanifuata, na mama alipotuona tunakuja hivyo akaacha mchi ndani ya kinu. "Nani?" aliuliza. Nikamwambia. Akafungua kinywa alie, na baba mukubwa akaruka kutoka alipokuwa amekaa.

"Nyamaza! Unataka kumuua mutoto?"

Lazima nieleze, maana watoto wa siku hizi hawaelewi. Kwetu habari ya kifo haijileti. Mtu anatumwa nayo. Anafika, anakalishwa, anapewa maji, anaulizwa njia ilikuwaje. Anasema kwanza mambo ya uzima, nani mzima, nani anasalimia, na polepole anafika kwenye lile neno. Na mtu huyo anajulikana ni mtoto wa nani, ili akiwa ameongopa mjue mtakwenda kulia mlangoni pa nani. Kabla ya hapo hakuna kilio. Mama anayemlilia mtoto ambaye hakuletewa habari zake anamwita kaburini kwa kinywa chake mwenyewe.

"Hii sanduku ilitumwa na nani?" baba mukubwa aliuliza. "Ni mutoto wa nani? Ilikunywa maji kwa nani?"

"Batu bote ba Baraka balisikia," mama alisema.

"Balisikia, ndiyo. Nani kati yao alitumwa?"

Hakuna. Ee Mungu wangu, huo ndio ulikuwa wazimu wenyewe! Mji mzima ulisikia na hapakuwa na hata mmoja aliyetumwa. Majirani walikuja na nyuso za msiba, wakakaa, wakazungumzia mihogo, wakaondoka. Mama alikwenda kumwomba mwenye duka aje aseme yeye. Yule mzee alisikitika sana, lakini alikataa. "Mama, mimi nimesikia tu kama wengine. Nikisema nimetumwa nitakuwa mwongo mbele ya Mungu." Tukawaagiza watu wa mashua waliokwenda Albertville, bandari ya upande wa Katanga, watuulizie kwa wanaotoka migodini. Walirudi na unga na vitenge. Jibu, hakuna.

Kwa hiyo mama hakunyoa nywele. Hakulala chini. Alilima, alitwanga, na aliposalimiwa "habari ya nyumbani?" alipaswa kujibu "muzuri", na akajibu. Mimi nilikuwa nasugua vyungu kando yake ziwani, na niliona anavyofanya. Anainamisha uso wote ndani ya maji kama mtu anayenawa, anakaa humo, mabega yanatikisika, anatoka, anarudi tena. Nilitamani kumshika baba mukubwa kwa ndevu zake nimburute mpaka pale aone. Mtoto wa kike, nimshike nani ndevu?

Siku moja mama akaamka na wazo lake. Alimwomba mwenye duka sanduku lenyewe lije nyumbani, na yule mzee, kwa huruma, akakubali. Vijana wawili walilibeba, mmoja sanduku, mmoja betri, na waya wakaufunga juu ya paa. Mama alifagia. Alitandika mkeka, akaweka juu yake kiti kimoja tulichokuwa nacho, kiti chake yeye, akalikalisha sanduku hapo. Akaleta maji kwenye kikombe cha wageni, akakiweka mbele yake. Kisha akawaita wazee.

"Munasema hakuna mutu alifika," aliwaambia. "Ule, amefika. Amekaa. Maji ni hii. Mumuulize."

Wazee walikaa, nadhani kwa udadisi zaidi. Mwenye duka akazungusha kitasa. Sanduku likakoroma, likasema Kifaransa kirefu. Likaja Kiswahili, likaeleza jinsi ya kukausha pamba. Mama alikuwa amepiga magoti, mikono imefumbatwa. Ujumbe wa jamaa ukasomwa, wa watu wa kwingine, wote wazima. Halafu, mawe wee! muziki wa dansi.

"Mugeni yako anataka kucheza," baba mukubwa alisema.

Wakacheka mpaka mmoja akakohoa. Mama akainuka, akachukua kikombe, akayanywa yale maji yeye mwenyewe, yote, bila kumtazama mtu.

Mvua za kupanda zilikuwa zimekwisha kuanza alipokuja jamaa yetu mmoja kutoka Mboko, mvuvi, binamu ya baba. Alikuwa amesikia kwamba kwetu hakuna matanga, akashangaa, akaamua kuja mwenyewe. Alikalishwa kwenye kiti kile kile. Akapewa maji kwenye kikombe kile kile. Akasema njia ilikuwa na matope, akasema mke wake mzima, samaki wapo, watoto wanasalimia. Kisha akainamisha kichwa akasema mtoto wetu wa Katanga hayupo tena.

Baba mukubwa alipiga yowe ambalo sikujua analo. Alianguka chini, mtu mzima yule, akalia kuliko wote, na ndipo nilipoanza kuelewa kwamba alikuwa ameng'ang'ania ile desturi kwa sababu ilimwachia mtoto hai kidogo. Nilielewa. Hasira haikupungua.

Vilio vilipotulia mama aliuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Shemeji, we nani alikwambia?"

"Radio," alisema. "Ya katekista wetu kule Mboko. Siku ile ile. Nilifikiri na ninyi mulisikia."

Baba mukubwa akajifuta uso kwa kiganja.

"Basi," alisema, "sasa imeletwa na mutu."

Wakamnyoa mama siku hiyo hiyo. Hakulia. Bamama walinong'ona nje kwamba ana moyo mgumu, hata chozi moja kwa mtoto wake. Mimi nilikuwa na jibu la kuwapa, mama akanikataza kwa jicho.

Siku hizi kila mtu anasema radio, mzee na mtoto, Kibembe na Kiswahili. Mama yangu hakulisema neno hilo mpaka alipokufa. Wajukuu walipoiwasha aliwaambia wapunguze kelele, akasogeza kiti chake karibu, akauliza: "Ule mwenye aliniambia, leo anasema nini?"