Besi Iliyopotea Sebuleni

Waliomfahamu zamani walimwita Mama Besi, na jina hilo hakulipata kwa upendeleo. Enzi za ujana wake alipiga gitaa la besi katika bendi ya harusi, mwanamke pekee kati ya wanaume, na hakuna aliyethubutu kumwambia apunguze. Sasa aliishi kwa mwanawe, ghorofa ya pili, yeye na mgongo wake mbovu.

Mwana alinunua runinga pana, risiva ya kugawia spika sauti, spika ndogo za kutundika ukutani, na sabufa, lile boksi zito la besi, likawekwa pembeni mwa kochi. Mwanzoni Mama Besi aliona raha. Aliweka rekodi za bendi yao, akaegemea, akajisikiliza akitembea chini ya wimbo. Halafu siku moja besi ikatoweka. Matarumbeta yapo, mwimbaji yupo, yeye hayupo.

Alipomweleza mwanawe, mwana akabofya rimoti hapa na pale, akasema kila kitu kiko sawa.

"Ni umri tu, Mama. Masikio nayo huchoka."

Kila alipouliza tena alijibiwa polepole, kwa sauti ya juu, kama mtoto. Mwana akawapigia simu shangazi zake, akiwaambia mama siku hizi hasikii vizuri, na mama mwenyewe ameketi pale pale kana kwamba ni kabati. Mwishowe mama akakubali kupelekwa kwa daktari wa masikio, maneno yaishe.

Daktari alimpigia milio ya kila aina, kisha akaeleza kwamba ile myembamba kabisa imefifia kidogo, kama kwa watu wengi wa umri wake, lakini ile mizito anaisikia barabara. Mwana, aliyesimama mlangoni, akatazama viatu vyake. Mama akaliona hilo.

Kesho yake mwana alipokwenda kazini, mama akaweka wimbo na kubandika kiganja juu ya sabufa. Haikutetemeka hata kidogo. Akapapasa nyuma yake, akakuta swichi imezimwa. Akamwita mkwewe, mke wa mwanawe, kutoka jikoni amsomee mipangilio ya risiva kwenye runinga, maana maandishi yalikuwa madogo. Wakakuta mpaka wa sauti umewekwa kwenye hezi, kipimo cha mitetemo ya sauti, mia na ishirini. Maana yake, sauti zote nzito zilizo chini ya hapo risiva ilizinyima spika ndogo na kuipa sabufa. Basi gitaa lake lilikuwa likipelekwa kwenye boksi lililozimwa, na huko ndiko lilikoishia.

Akauliza nani kazima. Mkwe akakikunja kitambaa cha vyombo, akakikunjua, ndipo akasema. Muuguzi wa ghorofa ya chini alifanya kazi usiku na kulala mchana, na alikuwa amelalamika kwamba dari yake inatetemeka. Mwana aliogopa mama yake angegombana naye, akaona heri azime kimyakimya.

Jioni mwana alipoingia, hata begi hajaliweka, mama alikuwa anamsubiri.

"Ulijua," alimwambia. "Umenipeleka nikapimwe masikio, na ulijua."

Mwana akaanza kueleza habari za usingizi wa watu na amani ya jengo. Mama akamwacha amalize.

"Ningeambiwa kuna mtu amelala, ningezima mwenyewe. Wewe uliona rahisi zaidi mimi niwe kiziwi."

Mwana akaomba radhi. Mama akajibu kwamba amesikia, kusamehe hakukutaja.

Siku iliyofuata alishuka ngazi taratibu, akazungumza na muuguzi mwenyewe, na hawakugombana. Wakakubaliana kwamba mchana sabufa itazimwa. Risiva nayo itaambiwa haina sabufa, ili spika ndogo zipewe kila kitu. Besi ilitoka nyembamba, kama inapigwa ndani ya kopo, lakini ilikuwepo.

Jioni hiyo, muuguzi alipokwenda kazini, mama alimkabidhi mwanawe rimoti na kumwamuru airudishe sabufa, kisha aushushe ule mpaka hadi hezi themanini, spika ndogo nazo zipate sehemu ya besi. Mwana alikwisha kuambiwa pia awapigie simu shangazi zake, mmoja mmoja, awaeleze ukweli. Wimbo ukaanza, besi ikajaa chumba. Mwana akauliza kama sasa iko sawa.

Mama akabandika kiganja juu ya sabufa iliyotetemeka. Bado alikuwa na hasira, na alitaka wimbo uishe kwanza.