Fundi wa Seva Aliyejifungia Nje

Nilichokiona kwanza kwa fundi wa seva ofisini kwetu Mtoni ni midomo yake: kila amri huisoma kwa kunong'ona kabla ya kuituma. Leo alikuwa akiiwekea ulinzi kwa mbali, kupitia mtandao, seva ya mfumo wa Linux iliyoko kwenye zahanati moja ya Kimbiji. Tukamsifu kwa wepesi wake, naye akatuma amri bila kuisoma. Ikafunga njia zote, hata ile anayoingilia mwenyewe. Sasa kule mafaili ya wagonjwa hayafunguki.

"Braza, umejifungia nje?" mwenzetu Hamida akacheka.

Fundi hakumtazama mtu. Alijifuta viganja kwenye suruali, akampigia simu muuguzi mkuu wa zahanati. "Shikamoo mama. Nimekosea mie. Amri yenyewe sijaihifadhi. Ukiizima seva na kuiwasha tena, amri hiyo itafutika na njia zitafunguka." Bado ameshika simu sikioni, macho chini, na sote tunangoja seva iitike.