Siku Kumi na Mbili za Mitihani ya Ruolan

Baba yangu, mzee Qiao Dehou, alimaliza sekondari mwaka 1966, mwaka uleule mitihani ya kuingia chuo kikuu ilipofutwa nchi nzima. Akapelekwa kijijini kulima. Aliporudi Luoyang, akapata kazi ya kukereza vyuma kwenye kiwanda cha matrekta, na huko akazeekea. Hatukumsikia akinung'unika hata siku moja. Ila gazeti likipita mikononi mwake, pembezoni kote lilijaa hesabu za penseli.

Mjukuu wake Ruolan, binti wa kaka yangu Jianfeng, alilelewa na baba tangu ana miaka mitatu, mama yake alipoachana na kaka akaenda kuolewa Shenzhen. Kaka alikuwa na karakana ya beringi, akitoka alfajiri na kurudi hoi. Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa ya babu na mjukuu. Mimi nilikaa ghorofa ya chini yao, jioni nikipanda kupika.

Ruolan alipotimiza miaka kumi na tano, kaka alimhamishia tawi la kimataifa la shule yake. Watoto wa tawi lile husoma masomo ya mwaka wa kwanza wa chuo kikuu wakiwa bado sekondari, kisha kila Mei hufanya mitihani inayotoka Marekani. Alama ya juu kabisa ni tano, na vyuo vikubwa vya ng'ambo huzitazama sana alama hizo. Lakini ukishaingia huko, mtihani wa taifa umeupa kisogo, hakuna kurudi.

Muhula wa kwanza mtoto alilia. Kalkulasi, ile hesabu ya juu, ilimshinda. Jioni moja babu akasukuma bakuli lake pembeni.

"Lete hicho kitabu."

"Babu, kimeandikwa kwa Kiingereza."

"Na namba nazo ni za Kiingereza?"

Basi wakaanza. Ruolan akimtafsiria maneno, mzee akipambana na namba. Mwanzoni babu alikuwa nyuma, kufika majira ya baridi wakawa sawa, na mwaka wa pili mzee akawa anafungua sura ambazo mwalimu hajazifikia. Waligombana kama wauza mitumba sokoni.

"Babu, hapa umekosea."

"Sijakosea. Nimetangulia."

"Umetangulia kwenye shimo! Angalia hiyo alama ya kutoa."

Mzee anaangalia, anakuna kichwa, anafuta kwa kidole kilichotiwa mate. "Nilikuwa nakupima," anasema, na wote wawili wanacheka hadi mimi jikoni nacheka nisichokijua.

Mwaka wa tatu, chuo kimoja kikubwa cha Uingereza kilimpa Ruolan nafasi kwa sharti: apate tano kwenye kalkulasi, fizikia na kemia. Siku ile babu alipiga kiatu rangi, akaenda bustanini kwa wazee wenzake wa sataranji. "Kuanzia leo mnacheza nami kwa adabu," aliwaambia.

Mei ikafika. Shule iliwapeleka wanafunzi Zhengzhou kwenye kituo cha mitihani, wakae siku kumi na mbili. Waliondoka Jumatatu. Alhamisi asubuhi, babu akiwa kwenye mgahawa wa supu ya ng'ombe, bakuli lilimponyoka, na yeye akalifuata chini. Kiharusi. Tulipofika hospitali, mkono wa kulia ulikuwa umekufa na ulimi umekuwa mzito.

Kaka alinivuta kwenye korido. "Ruolan asiambiwe. Kalkulasi ni Jumatatu."

"Zhengzhou ni saa moja kwa treni, Jianfeng. Aje amwone, arudi."

"Akimwona alivyo, kalamu ataishikaje? Miaka mitatu, dada! Baba mwenyewe asingekubali."

"Baba yupo humo ndani. Muulize."

Hakumuuliza. Na mimi, niliyekuwa na simu mkononi na namba ya mtoto ninaijua kwa moyo, sikupiga.

Baba alimwita siku nne. Neno lilikuwa moja tu, "Lan... Lan...", na mkono wa kushoto unaonyesha mfuko wangu wa simu. Akili yake ilikuwa timamu, macho yake yalinifuata kila nilipokwenda. Nilimwambia, "Anakuja, baba. Kesho anakuja." Kesho yake nikamwambia hivyohivyo. Siku ya tatu aliposikia neno kesho, aligeuza uso ukutani.

Jumatatu mchana Ruolan akapiga mwenyewe, sauti inaruka kwa furaha.

"Shangazi, mpe babu simu haraka! Lile swali la tangi la maji tuliloligombania wiki nzima, limekuja! Karibu lilelile!"

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka mlango wa wodi.

"Babu hayupo. Amekwenda na wenzake wa kiwandani kwenye chemchemi za maji moto. Simu kaisahau nyumbani."

"Bila kuniaga? Mwambie nimemnunia."

"Nitamwambia."

Niliingia nikainama sikioni mwake. "Baba, swali la tangi limekuja. Amelipata." Nusu ya uso wake iliyobaki hai ilicheka. Jumanne alfajiri akafariki. Alhamisi tukauchoma mwili na kuzika majivu, saa ambayo Ruolan alikuwa ameketi kwenye mtihani wa takwimu, wa mwisho.

Alirudi Ijumaa mchana. Alifungua mlango akiita "Babu!", kisha akaiona picha juu ya meza na ubani ukifuka mbele yake. Hakulia. Aliweka begi chini taratibu.

"Lini?"

"Jumanne," kaka akasema.

"Jumanne tulienda kula tambi. Nilicheka sana Jumanne. Aliniulizia?"

"Alikuwa amelala tu, mwanangu. Hakuteseka."

Akanigeukia. "Shangazi?"

Ningeweza kumsaidia kaka. Sikumsaidia. "Alikuita siku nne," nilisema.

Aliingia chumba cha babu akafunga mlango. Kaka, ambaye sijawahi kumwona akishika mwiko, alipika tambi akaziweka pale mlangoni. Zilifura zikapoa.

Julai matokeo yalitoka: tano zote nne. Kaka alishika simu akaielekeza kwenye picha ya baba, anataka kumsomea. Ruolan aliichukua mkononi mwake akaizima.

Septemba aliondoka. Kwenye uwanja wa ndege alimshika baba yake mkono kama anavyoshikwa mgeni. Mimi aliniinamia kichwa.

Aprili iliyofuata, siku ya kusafisha makaburi, mimi na kaka tulikwenda kwa baba na maua na chupa ndogo ya pombe. Tulimpigia Ruolan kutoka pale, hakupokea. Kaka alipiga magoti akaanza kusema, "Baba, Ruolan anakusalimu, anasema anasoma vizuri..." Nikamrekodi, nikamtumia mtoto, nikidhani itamlainisha.

Jibu lilikuja jioni.

"Shangazi, msimwambie chochote kwa niaba yangu. Nitakuja kumwambia mwenyewe."

Huu ni mwaka wa pili. Hajaja bado.