Kitako cha Bastola Kilichopimwa Begani Mwangu

Baba alilipwa kutembea nyuma ya wawindaji vichakani akiwa na bastola kubwa ya silinda kiunoni, ili nyati aliyejeruhiwa akigeuka, ammalize. Bunduki ndefu hunasa matawini, bastola hainasi. Lakini ile yake ilikuwa nzito kama nyundo na ikipiga teke kama punda. Baba alipoanguka na baiskeli kwenye mteremko wa kuingia Ruiri, kifundo cha mkono wake wa kulia kiliungwa vibaya, na bastola haikutulia tena mkononi.

Mwajiri wake, mzungu aliyebaki baada ya uhuru kwa sababu kwao hakuna nyati, alimpa nafasi moja.

"Mzee, tafuta njia. Nikirudi kabla ya msimu utalipiga risasi debe pale mgombani. Ukikosa nitachukua mwingine."

Njia ilikuwa kitako cha mbao nyuma ya mpini, ili bastola iegemee begani kama bunduki. Fundi alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu, seremala wa Runyenjes. Alikuja na kipande cha muuru, mbao ngumu ya kwetu, na msasa wa kutosha kulainisha kanisa zima.

Kitako hupimwa mwilini kama koti: urefu wa mkono, bega, shingo, mahali shavu linapolala ili jicho lifuate shabaha. Hapo ndipo adabu ilipoingia kazini. Kwetu mwanamume hamgusi baba wa mkewe. Humsalimia kwa mbali, hukaa karibu na mlango. Kumzungushia futi shingoni na kumwinua kidevu? Afadhali ampime chifu.

Shemeji akanigeukia. "Simama hapa, wewe wa yunivasiti. Si ni babako? Damu ni moja."

Damu, ndiyo. Lakini baba alikuwa mfupi wa mabega mapana, asiye na shingo ya kutajika. Mimi nilikuwa mrefu kama ufito wa kuangulia maparachichi, na mnene kiasi hicho hicho.

"Shemeji, hiki kitanitosha mimi, na mimi sijawahi kupiga hata njiwa kwa manati. Wacha nimpime mzee mwenyewe, nikuletee vipimo."

Baba, aliyekuwa barazani akijifanya hasikii, akakohoa. "Kwani mkwe wangu hajui kazi?"

"Umesikia?" shemeji akasema. "Sasa falsafa zenu wekeni huko Nairobi. Inua mkono."

Kilitoka kitako kizuri ajabu. Baba alipokiweka begani, mkono ulinyooka mpaka ukakaribia kuchomoka, na shavu lilipotafuta mahali pa kulala likakuta hewa.

"Kimenikaa," alisema. Mama akaleta uji, akashukuru Mungu.

Shemeji alipotoka nikamwambia, "Baba, kinakuzidi."

"Nyamaza. Ukimwambia mkwe kazi yake ni mbaya, dada yako atakula na nani?"

Siku ya jaribio shemeji alikuja na suti yake ya kanisani, akasimama mbali, karibu na lango. Baba alipiga risasi zote. Jani moja la mgomba lilipasuka. Debe lilibaki zima.

Mzungu akaichukua bastola, akakitazama kitako, akamtazama baba. "Mzee, hiki ni chako kweli? Naona ni kirefu."

Mlango wa kujitetea ulikuwa wazi. Jibu moja tu, na kitako kingekatwa jioni ile. Baba alitupa jicho langoni.

"Kitako hakina shida, bwana. Ni macho. Macho yameisha."

Akapoteza kazi. Watu huniambia kwamba uwindaji ulipigwa marufuku baadaye, kwa hiyo kazi ingeisha tu. Huwa sina jibu la adabu, na adabu ninayo ya kutosha.

Uongo ule ulibidi uishi nyumbani kwetu. Baba aliacha kusoma somo kanisani. Kazi hiyo akapewa mwingine, aliyekanyaga majina yote ya manabii. Dada yangu alimnunulia miwani iliyomfanya agonge viti. Baba aliivaa tu shemeji alipotutembelea. Na ni baba huyo huyo aliyekuwa wa kwanza kumtambua mkwewe akitokea kule chini barabarani, sisi wengine tukikodoa macho bila kujua ni nani. "Mkwe amefika," alikuwa akisema, kisha anaingia ndani kutafuta miwani.