Jina Lililobaki Ndani ya Tofali

Jina lake halisi wanalijua ndugu zake tu. Mtaa mzima humwita Bwana Tofali, na kosa ni lake mwenyewe. Ni fundi wa saa, ana chumba chembamba chini ya ngazi za jengo la ghorofa, lakini ukiingia na saa yako mbovu, macho yako yataangukia kwanza rafu ya kioo. Humo amepanga vigemu vya zamani vya mkononi, vile vya kuchezea michezo ya kielektroniki, vya kijivu, vizito kama tofali kweli, vyenye vitufe viwili vyekundu vilivyoiva na msalaba mweusi wa kuendea huku na huko. Haviuzwi. Uliza bei uone atakavyokutazama.

Na akianza kuvisifia, shika kiti. Atakwambia kioo chake hakina taa, ni kijani cha maji yaliyochemshiwa mboga, na hilo kwake si kasoro, ni adabu: kinakulazimisha ukae dirishani kama mtu mwenye akili zake. Atakwambia kimeanguka ngazini na kikainuka kikicheza. Hizo simu zenu zikianguka mnalia. Mpenda chongo huita kengeza, bwana, na yeye amependa.

Mchezo mmoja tu wa aina hiyo haukuwa kwenye rafu. Ule alimpa mpwa wake, binti wa pekee wa dada yake, alipokuwa mdogo. Mtoto akaupenda kama alivyoupenda mjomba wake, akawa hauachi, mezani nao, kitandani nao. Baadaye akaugua ugonjwa wa damu, akalazwa, akarudi, akalazwa tena, na safari ya mwisho hakurudi. Tangu hapo ilishapita miaka mingi. Dada mtu aliufungia mchezo ule kabatini, na kaka mtu hakuwahi kuuliza.

Asubuhi moja dada yake akaingia dukani na kitu kimefungwa kwa taulo. Ni mshonaji wa sare za shule, mwanamke wa maneno machache na mkasi mkali. Alikaa, akaliweka taulo mezani, akalifungua taratibu.

"Jicho la kushoto limekwisha," alisema. "Daktari anasema la kulia linafuata."

"Hukuniambia, dada."

"Nakwambia sasa. Mtoto aliandika jina lake humu ndani, wakati anaanza kucheza. Aliniambia, nikamwambia aniache nishone. Nataka nilione kabla sijashindwa kuona."

Bwana Tofali alikishika kile kigemu. Pembeni mwa kioo palikuwa na mkwaruzo anaoujua.

"Nimekutunzia vizuri," dada aliendelea. "Betri nilizitoa zisivuje. Na sijakiwasha hata mara moja, kisichakae."

Hapo ndipo moyo ulipomlipuka Bwana Tofali, ingawa usoni hakuonyesha. Maana ndani ya kaseti ya mchezo kama ule, kile kipande kinachochomekwa mgongoni mwa kigemu, kuna kibetri kidogo, mfano wa kile cha saa, na kazi yake ni moja tu: kushika kumbukumbu pale mchezo unapokuwa umezimwa. Ukiwashwa, betri kubwa zinaulisha zenyewe na kile kidogo kinapumzika. Kwa hiyo miaka yote ile dada yake aliyodhani anaupumzisha mchezo, alikuwa anakichosha kile kidogo gizani, kikibeba jina la mtoto peke yake. Kikiishiwa tu, jina limekwenda, na hakuna fundi duniani wa kulirudisha.

Angemwambia? Amwambie ili iweje? "Umetunza vizuri, dada," akasema.

Akavaa lenzi yake jichoni, akafungua kaseti, akagusisha mita ya kupimia umeme. Mshale ulijikongoja kidogo, ukakata tamaa. Kibetri kilikuwa hai kwa jina tu.

"Vipi?" dada aliuliza.

"Kibetri cha humu ndani kimechoka. Tukiuwasha, tutaona kama jina bado limo."

Akauchukua ule ubao wa kaseti ukiwa mtupu, bila ganda lake. Kabla hajauchomeka dada yake akainama, akapuliza kwenye tundu la kigemu, phuu, kama alivyokuwa anafanya mtoto. Mjomba alikuwa akimgombeza kila siku, mate yanakula shaba, na mtoto akipuliza kwa siri. Leo hakugombeza. Wakasogeza viti dirishani, akachomeka ubao, akatia betri kubwa mpya, akawasha.

Alama ya kampuni ikashuka polepole, kengele ikalia mlio wake mmoja. Kisha mistari miwili. Wa juu ni kuanza upya. Wa chini ni kuendelea. Wa chini hutokea tu kama kumbukumbu bado ipo, na ulikuwepo.

Bwana Tofali alishusha pumzi. Na nisikufiche, kulikuwa na kijitamaa moyoni mwake. Aliyenunua mchezo ni yeye, aliyemfundisha mtoto ni yeye. Kama si jina lake mwenyewe binti aliloandika, basi pengine ni la mjomba. Akabonyeza.

Dada alisogeza jicho lake zima karibu na kioo.

"Hili si jina lake," alisema.

Kaka akatazama. Herufi nne. Shujaa wa mchezo, yule wa kuvuka mito na kupigana na mazimwi, aliitwa MAMA. Alikuwa amelala kwenye kitanda cha nyumba ya wageni, pale mtoto alipomwacha.

"Nilimwambia analipenda tofali kuliko mimi," dada alisema. Sauti yake haikupanda. "Hospitalini, mbele ya wauguzi. Nilimwambia hivyo, na yeye humu ndani alikuwa ananitembeza mimi."

Alilia bila kujifuta. Bwana Tofali hakusema majuto ni mjukuu wala upuuzi wowote wa namna hiyo. Alimshika bega, naye akilia.

Baadaye akamweleza kazi iliyobaki. Kibetri lazima kibadilishwe mchezo ukiwa unawaka, betri kubwa zikishika kumbukumbu. Mkono ukiteleza, basi. Na ili afikie kibetri, kigemu lazima kilale kifudifudi, hivyo kioo hawatakiona mpaka amalize.

"Mikono yako je?"

"Ya uzee. Ila wewe shika, kisitikisike."

Akashika, mikono ile iliyozoea kunyoosha kitambaa chini ya sindano. Kaka akasogeza chuma cha moto cha kuchomelea, risasi iliyokishikilia kibetri ikayeyuka, kibetri cha zamani kikang'oka. Kipya kikakaa. Walipokigeuza, MAMA alikuwa bado amelala.

"Sasa tukizime," kaka alisema. "Tusipokizima hatutajua kama kipya kimeshika."

Dada alitazama swichi. Alikuwa mwepesi wa akili siku zote. "Kwa hiyo hiki kidogo kinafanya kazi mchezo ukizimwa."

"Ndiyo."

"Na mimi nilikizima miaka yote hii."

Kaka alitafuta uongo, hakuupata. "Kilivumilia, dada," alisema.

Dada akaitikia kwa kichwa. Akazima mwenyewe. Kioo kikawa kitupu, hakina mtu. Nje mwenye duka la jirani alikuwa anafungua mlango wake wa chuma. Dada akawasha tena, kengele ikalia, na mistari ikatokea, yote miwili. Akabonyeza wa chini bila kuelekezwa. Jina lilikuwepo.

Bwana Tofali akachukua taulo akidhani anataka kukifunga. Dada akalisukuma pembeni.

"Nionyeshe anatembeaje," alisema.

"Aende wapi?"

"Kule mtoto alikokuwa anampeleka."

Kaka akakiweka kidole gumba cha dada yake kwenye ule msalaba mweusi. Dada akabonyeza, na Mama akaamka kitandani, akaelekea mlangoni.