Supu ya Kanga na Bunduki ya Kukodi

Wageni wa kuwinda niliowabeba miaka ile walikuja kwa njia mbili. Wengine walishuka Eldoret mikono mitupu na kukodi bunduki ya mwenye shamba. Wengine walikuja na zao, zimelazwa ndani ya sanduku la ngozi lenye kufuli. Mimi nilikuwa dereva, na kwa muda mrefu nilidhani tofauti kati yao ilikuwa ya mzigo tu.

Serikali ilikuwa imeshapiga marufuku kuwinda wanyama. Ndege walibaki kwa ruhusa, kwa msimu wao na kwa leseni. Mwenye shamba alikuwa mkulima wa mahindi karibu na Moi's Bridge, mtu aliyehamia huko kutoka Mkoa wa Kati, mzee wa kanisa, mpole kwa wafanyakazi na mkali kwa magugu. Baada ya mavuno, mabua yakiwa bado yamesimama na punje zimetapakaa chini, kanga na kwale waliingia shambani kwa makundi. Hapo ndipo alipopokea wageni.

Bunduki yake ilikuwa moja, kuukuu, yenye mitutu miwili. Ilipiga marisau, vile vichembe vya risasi vinavyotawanyika. Kwa kuwa leseni ilikuwa kwa jina lake, mgeni aliyeikodi hakupiga bila Mzee, kama tulivyomwita, kusimama kando yake, beji ya chama tawala kwenye koti, kama mwalimu anayesimamia mtihani.

Mimi nilizaliwa Eldoret kwa wazazi waliotoka kaskazini. Baba aliniachia Landrova moja na desturi ya kuswali kwa wakati. Tuliishi mtaa wa West Indies, mimi, mke wangu, watoto na mama yangu. Kazi yangu ya kuwapeleka wageni ilikuwa na sehemu ya pili ambayo madereva wengine hawakuwa nayo: nilibeba kisu. Mzee alitaka ndege wa shamba lake waliwe na kila mtu aliyekuwapo, Mkristo na Mwislamu. Kwa hiyo ndege alipoanguka, hakuna aliyemgusa kabla yangu. Nilikimbia, nikataja jina la Mungu, nikachinja.

Hapa lazima nieleze jambo moja. Katika mafunzo niliyopewa madrasa, ndege aliyekufa kwa kishindo cha risasi kabla kisu hakijamfikia si chakula. Najua wako wanavyuoni wenye rai nyingine, na sina ugomvi nao. Lakini nyumbani kwetu tulifuata hivyo, na mama yangu alifuata kuliko sisi sote, kwa sababu alikuwa amesoma kwa baba yake, naye alikuwa shehe.

Mwaka ninaoukumbuka, mama aliugua. Tumbo lilikataa chakula. Uji ulirudi, wali ulirudi, hata maziwa ya ngamia tuliyotafutiwa na jamaa yalirudi. Daktari alituambia kwa upole kwamba dawa alikuwa nazo, sasa tumpe chochote ambacho roho yake itataka, maana bila chakula dawa hazingemsaidia. Siku nyingi hakutaka kitu. Kisha asubuhi moja akasema anataka supu ya kanga, kama ile waliyokuwa wakipika kwao alipokuwa msichana.

Mke wangu alimpikia kuku wa kienyeji, akamkaanga kwanza ili rangi ya supu ikolee. Mama alionja kijiko kimoja.

"Huyu ni kuku," alisema.

"Ni kanga, mama," mke wangu alijibu.

"Mwanangu, mimi ni mgonjwa, si mjinga."

Kanga wa porini hawakuuzwa sokoni, na Mzee hakuruhusu mtego wowote shambani kwake, maana leseni yake haikuruhusu mitego. Nilisubiri mgeni. Mungu alipenda, mgeni akaja wiki hiyohiyo.

Alikuwa Mzungu wa makamo, aliyezaliwa upande huu wa Bonde la Ufa na kupelekwa Ulaya akiwa kijana. Alikuja na bunduki yake mwenyewe, ya marehemu baba yake. Kwenye kizuizi cha polisi nje ya mji alifungua sanduku, akatoa kibali, na askari akaitazama ile bunduki iliyong'aa kwa muda mrefu.

"Ya nini hii?"

"Ya kanga, afande," nilimjibu.

"Kanga anahitaji kufuli mbili?"

"Kufuli ni za mwenyewe, afande. Kanga hajui."

Askari akacheka, akatuachia. Nami moyoni nilishukuru. Nilifikiri: mtu aliyevuka bahari na bunduki nzuri namna hii hatakosa, na mama yangu atakunywa supu leo.

Mzee alitupokea kwa chai na viazi vitamu. Alipoliona sanduku, alitikisa kichwa.

"Bwana, umelipia chuma tiketi ya ndege na hapa kuna chuma bure?"

"Yako hapana bure. Yako ni ya kukodi," Mzungu alisema, kwa Kiswahili cha jikoni alichojifunza utotoni na alichokipenda sana. "Na bunduki ya kukodi ni kama kiatu ya mtu mwingine. Yangu najua mabega yangu."

"Yangu nayo inajua shamba langu."

"Sawa, mzee. Wacha ilale nyumbani, ijue kitanda pia."

Tuliingia kwenye mabua. Sijawahi kuona mtu akipiga namna ile. Kanga waliruka kwa kelele, yeye akainua bunduki bila haraka, na ndege akaanguka kama jiwe. Nilikimbia. Alikuwa amekufa. Akaanguka mwingine, nikakimbia, naye amekufa. Hakuna bawa lililotikisika, hakuna jicho lililofunguka. Hadi jua lilipopanda sana nilikuwa nimelowa jasho, na kisu changu kilikuwa kikavu.

Wafanyakazi Wakristo waligawana nyama ile kwa furaha. Mzee aliniona nimekaa kwenye ngazi ya Landrova.

"Warya," aliniita, kama wengi walivyotuita sisi watu wa kaskazini, nami sikulichukia neno hilo kinywani mwake, "leo kisu chako kimefunga saumu?"

"Bunduki yake inaua sana, Mzee."

"Ndiyo kazi ya bunduki."

"Najua. Lakini nilikuwa nataka mmoja aliye hai. Mama ni mgonjwa, ameomba supu ya kanga."

Akaacha kutabasamu. Aliuliza mama alikula nini mara ya mwisho, nikamwambia. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba kama mgeni angepiga na bunduki yake, ile ya kukodi, kanga angeshuka na miguu yake mwenyewe, maana marisau yake yalitawanyika kama mbegu za mtu mlevi. Wageni wengi walikuwa wamelalamika.

Nilimwomba asimwambie mgeni. Nilikuwa nimefundishwa kunoa kisu vizuri ili mnyama asiteseke, na kutomwonyesha kisu kabla ya wakati wake. Sasa nimwombe mtu apige vibaya, ndege apate maumivu kwa ajili ya haja yangu? Haja yenyewe ilikuwa mama yangu, hilo nililijua. Nilitandika mkeka kando ya mabua nikaswali adhuhuri, nikamwachia Mungu jambo hilo kwa sababu mimi sikuweza kulipima.

Nilipomaliza kuswali na kugeuka, niliona Mzee hakuheshimu ombi langu. Alikuwa amesimama na Mzungu, na wote wawili walikuwa wakiniangalia.

Mzungu alikuja. Uso wake ulikuwa umeiva kwa jua na kwa jambo jingine.

"Mama yako hapana kula?"

"Hali, bwana."

"Na nyama ya mimi ni haramu?"

"Si ubaya wako, bwana. Anakufa kabla sijafika."

Akachukua bua moja, akalivunja vipande.

"Baba yangu nafundisha mimi kitu moja tu," alisema. "Ukipiga, ua. Ndege hapana lia. Mimi hapana weza piga mguu kwa kusudi. Hata kwa mama yako. Unasikia?"

"Nasikia. Hata mimi sitaki ufanye hivyo."

"Sasa nyinyi wawili mnakubaliana, na mama wa watu analala na njaa," Mzee alisema kwa hasira. "Mungu gani huyo mnayemfurahisha?"

Kanga walikuwa wamerudi chini, upande wa pili wa shamba, tukawasikia wakilia kama milango isiyotiwa mafuta. Mzungu aliwasikiliza kwa muda, kisha akafungua bunduki yake, akatoa risasi, akailaza sandukuni na kufunga kufuli zote mbili.

"Mzee, leta yako. Mimi nakodi."

"Ulisema ni kiatu cha mtu."

"Nakodi kiatu. Lakini sikia, mimi nalenga kichwa, kama siku yote. Mimi nataka ua. Kama bunduki yako hapana weza, hiyo ni shauri ya bunduki."

Mzee alikwenda nyumbani akarudi nayo, kitako kimefungwa waya mahali kilipopasuka. Mzungu aliiweka begani, akaishusha, akaiweka tena. Ilikuwa fupi kwake. Mzee alisimama kando yake kwa mujibu wa sheria, na safari hii sikuona mzaha usoni pake.

Risasi ya kwanza haikumgusa ndege yeyote. Ya pili nayo vivyo hivyo. Kundi lilihamia ng'ambo ya mfereji, tukalifuata polepole, likaruka tena, akakosa tena. Alitukana kwa lugha yake. Niliona kwamba alikuwa akilenga kwa dhati, shingo imemkaza, kama mtu anayetetea jina la baba yake. Sikuomba akose, wala sikuomba apate. Niliomba tu liwe lile lililo sawa.

Jua lilikuwa limeinama upande wa Trans Nzoia alipopiga mara ya mwisho. Kanga mmoja aliyumba hewani, bawa moja likalegea, akashuka kwenye mabua na kuanza kukimbia. Nami nikakimbia. Mabua yalinichana mikono, kofia ikaanguka, nyuma yangu Mzee akipiga kelele, "Kushoto, warya! Kushoto, huyo!" Nilimkamata chini, ndani ya mfereji. Alikuwa hai kabisa, moyo wake ukinipiga kiganjani. Nilimgeuza kuelekea kibla, nikataja jina la Mungu, nikafanya haraka.

Nilipopanda juu, Mzungu alikuwa tayari ameirudisha bunduki kwa mwenyewe.

"Ndege nalia?" aliniuliza.

"Kidogo sana, bwana."

Akaitikia kwa kichwa. Hakupiga tena siku ile. Njiani kurudi mjini alikaa ameliegemea sanduku lake, na kesho yake aliendelea na bunduki ya baba yake, nami nikaendelea kukimbilia ndege waliokufa.

Jioni ile mke wangu alimnyonyoa kanga na kumchemsha kwa tangawizi na chumvi tu, kwa muda mrefu, maana nyama yake ni ngumu. Tulimwinua mama, nikamwekea mto mgongoni. Alinusa bakuli kabla ya kulishika.

"Ulimkuta hai?"

"Alikuwa akikimbia, mama. Nimechanika mikono."

Aliitazama mikono yangu. Mama yangu hakukubali ushahidi upesi.

"Nani alipiga?"

"Mzungu. Kwa bunduki ya kukodi."

"Hana yake?"

"Anayo, nzuri sana. Ameivusha bahari. Lakini yake haikosei, na tulihitaji inayokosea."

Nilimweleza yote, hata maneno ya Mzee na swali la Mzungu, kwa sababu sikutaka anywe kitu asichokijua. Alisikiliza, bakuli likiwa mapajani, mvuke ukimpanda usoni. Kisha akaanza kucheka, cheko dogo la kifua ambalo ugonjwa ule ulikuwa umetunyima kwa wiki nyingi. Likageuka kikohozi. Akanipa bakuli nimshikie, akakohoa mpaka kikapita, akapangusa macho kwa ncha ya shela, akanyoosha mikono yote miwili kulipokea tena bakuli. Akasema bismillahi, akanywa.