Kibanda cha Mbwa cha Kubeba Kichwani

Kwanza naomba mnivumilie. Mwandiko wangu si mzuri, na kuna herufi huwa naziruka bila kujua, hasa h. Niliishia darasa la saba, na tangu hapo nimeshika jembe mara nyingi kuliko kalamu. Naandika mstari mmoja, napumzika, kisha naandika mwingine. Lakini jambo hili limenikaa kichwani muda mrefu, na kwa mdomo siwezi kulisema, maana mbele ya watu maneno yangu hukauka. Mkikuta neno limekosewa, lisomeni kama mnavyolijua.

Kwetu ni milimani, upande wa Matombo. Tunakaa watatu: bibi mzaa mama, mjomba na mimi. Wa nne ni mbwa wetu, jike wa rangi ya udongo, sikio moja limepasuka kwa ugomvi na nyani. Nyumba iko chini kwenye migomba, lakini shamba la mahindi liko juu, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, na la viazi liko ng'ambo ya mto. Mahindi yakianza kubeba, mbwa huhamia juu. Nyani wakikuta shamba halina mbwa, asubuhi moja tu inawatosha. Huko tuna dungu, kichanja cha miti chenye paa la nyasi, ambapo mjomba hulala na mimi hushinda mchana. Mbwa hawezi kupanda ngazi ya dungu. Hulala chini yake, na upepo na maji vyote hupita hapohapo.

Masika ya mwaka jana alizaa hapo. Watoto watano. Mvua ilinyesha siku tatu bila kukata, na ukungu ukashuka mpaka kwenye mahindi. Nilipopanda asubuhi ya nne nilimkuta amewakumbatia wote, wameshakuwa baridi, na yeye bado anawalamba. Mjomba alichimba shimo moja.

Mwaka huu nilipoona tumbo la mbwa linaanza kushuka tena, na mahindi nayo yanabeba, nilimfuata mjomba uani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Haya sema. Umeshanisalimia asubuhi, ukisalimia mara ya pili una jambo."

"Mbwa abaki nyumbani mpaka azae."

"Na nyani nitawafukuza na nini? Na rozari ya bibi yako?"

Bibi akajibu kutoka jikoni, "Rozari yangu iache. Bweka wewe mwenyewe, sauti unayo."

Nikasema basi nitamjengea mbwa banda kule juu. Mjomba akatikisa kichwa. "Mwezi ujao tunahamia kwenye viazi. Utajenga na huko? Tukiondoka tu wapita njia watalifanya kuni, kama walivyofanya lile la kuku. Labda umjengee nyumba ya kutembea."

Alikuwa ananitania. Lakini niliondoka na lile neno, nikashinda nalo siku nzima nikipalilia.

Nyumba ya kutembea ingekuwaje? Nilianza kuangalia kila kitu kinachojikunja. Kiti cha katekista, ambacho miguu yake hupishana kama mkasi. Mwavuli wa bibi, nikaufungua na kuufunga mpaka akaniuliza kama naona mvua ndani ya nyumba. Jani kavu la mgomba, ambalo ukilikunja hufuata mshipa wake wa kati kila mara na halikatai. Mwisho daftari langu la zamani la shule. Nililifungua nikalisimamisha mezani, jalada juu, kurasa chini, na nikaona paa. Ukilifunga, ni kitu bapa. Nilifanya hivyo mara nyingi sana.

Kisha nilimpima mbwa. Nilichukua kamba, nikampima urefu akiwa amesimama, kutoka pua mpaka mkia, na kamba ikatoka ndefu. Banda la urefu ule lingekuwa mzigo. Nilipokaa kumwangalia mchana akilala ndipo niliona kosa langu. Mbwa halali amesimama. Huzunguka mahali pamoja, mara mbili au tatu, kisha hujikunja na kuficha pua chini ya mkia. Nilimzungushia kamba taratibu akiwa usingizini. Alikuwa duara tu, upana wa ungo wa bibi. Nilifurahi kana kwamba nimeokota kitu njiani.

Nilipasua mianzi, nikatengeneza fremu mbili za mstatili. Juu yake nilishona mifuko ya mbolea iliyofuliwa, na katikati ya mifuko nikaweka nailoni ili maji yasipite. Fremu niliziunganisha mgongoni kwa vipande vya tairi, vikawa bawaba. Nyuma nilishona kipande cha pembe tatu kinachojikunja kwenda ndani, kama mfuko wa shati. Pembe zote za mianzi nilizifunga kwa maganda ya mgomba yaliyoloweshwa, kama tunavyofunga kila kitu kwetu, tenga la machungwa, mzigo wa kuni, mkungu wa ndizi. Nilivuta kwa meno na goti mpaka mwanzi ukalia. Likikunjwa, mkungu mdogo wa ndizi ulikuwa mzito kuliko lile banda.

Siku ya kulipandisha nililibeba kichwani, bapa, kama sinia. Nilipofika kwenye mgongo wa mlima upepo ulilikamata ukanigeuza, nikajikuta natazama nilikotoka. Nililisimamisha kwa ubavu, nikaendelea. Mbwa alikuwa nyuma yangu, anatembea polepole kwa sababu ya tumbo.

Nililisimika kando ya dungu, na mbwa alilikubali siku hiyohiyo. Alinusa, akaingia, akazunguka, akajikunja. Mjomba alisimama mikono kiunoni. "Kumbe," alisema, na kwa mjomba hayo ni maneno mengi.

Siku ya nne jua lilitoka kali. Mchana nilikuwa juu ya dungu, nikasikia kama fimbo zinaanguka, halafu mbwa akalia. Banda lilikuwa limelala chini na katikati yake kitu kinahangaika. Alichomoka, akakimbilia kwenye mahindi. Mjomba alicheka mpaka akakaa chini.

"Nyumba imempiga mwenye nyumba!"

Mimi sikucheka. Nilifikiria tumbo la mbwa. Niliokota pembe moja ya fremu na kuiangalia. Fundo lilikuwa zima, halikukatika wala kufunguka. Lakini ganda la mgomba lilikuwa limekauka na kuwa jembamba, na mwanzi unacheza ndani yake kama kidole kwenye pete kubwa. Nilikaa nalo mkononi muda mrefu. Nimefunga mizigo tangu nikiwa mdogo, na bibi amefunga kabla mama hajazaliwa. Lakini mzigo wetu hufungwa alfajiri, na ukifika sokoni kamba hukatwa na kutupwa. Hakuna mtu kwetu aliyewahi kuwa na sababu ya kuuliza ganda la mgomba linafanya nini siku ya nne.

Kesho yake nilishuka mpaka barabarani kwa fundi baiskeli. Nilikuwa nimeona anavyofunga mizigo kwa mpira. Nilisimama pembeni, nikashindwa kuanza. Alitengeneza pancha mbili mimi nimesimama tu.

"Dada, umekuja kununua baiskeli au kuhesabu spoki?"

"Naomba mpira wa ndani. Uliochakaa."

"Wa nini?"

"Wa banda la mbwa." Nilisema kwa sauti ndogo, lakini wateja wake walisikia.

"Mbwa ana baiskeli?" mmoja aliuliza, na wote wakacheka. Fundi hakucheka sana. Aliniuliza fundo lilikuwaje, nikamwonyesha kwa vidole, akatikisa kichwa. Alikata mpira wa zamani vipande virefu, akanionyesha. "Usizungushe tu. Vuta kwanza mpaka ukonde, ndiyo uzungushe. Mpira ukitaka kurudi unene wake, unakaza wenyewe." Nilijaribu palepale kwenye mpini wa jembe langu. Ulikaza kweli. Njia nzima ya kurudi niliubonyeza bonyeza, nikishangaa kitu kinachofanya kazi baada ya mtu kuondoa mkono.

Banda likasimama upya, nami nikalitikisa kwa nguvu zangu zote, likabaki limesimama. Lakini mbwa akakataa kuingia. Nilimwekea ugali ndani. Alinyoosha shingo, akachukua, akaenda kuula nje. Mvua ilianza, na yeye akakaa chini ya dungu pale pale pa mwaka jana, anatazama banda kwa jicho la pembeni. Chuchu zake zilikuwa zimeshavimba. Mjomba alisema zimebaki siku chache, na safari hii hakutania.

Nilimweleza bibi. Alikuwa anachambua maharage, hakuinua hata uso.

"Wewe umeshaingia?"

"Mimi? Siwezi kuenea, bibi."

"Hata kichwa?"

Nilipopanda tena niliingiza kichwa na mabega, miguu ikabaki nje inanyeshewa. Mjomba aliuliza kutoka juu ya dungu kama sasa nimehamia rasmi. Ndani palikuwa pakavu. Lakini nilisikia kitu ambacho nje sikuwahi kukisikia. Ukingo wa nailoni ulikuwa umetoka kwenye mshono, na kila upepo ulipokuja ulipiga pa-pa-pa, sawasawa na mahali ambapo sikio la mbwa lingekuwa. Mimi mwenyewe nilishtuka. Na mwanzi wa juu, ule uliomwangukia, ulitoa mlio kidogo kila nailoni ilipopiga. Mbwa aliyeangukiwa na nyumba, akisikia hivyo, angeamini nini?

Nilitoa sindano kwenye kilemba, nikashona ukingo hapohapo nikiwa nimelala chali. Mwanzi nikauongezea mpira. Kisha nikatulia nisikilize. Ilibaki mvua tu juu ya mifuko, kama bisi zinazokaangwa chunguni. Sijui nilikaa muda gani. Nilihisi uzito wa joto kwenye magoti. Mbwa alikuwa amelala juu ya miguu yangu. Nilijivuta nje kidogo kidogo, na kila niliposogea yeye alisogea mahali nilipotoka, mpaka nikawa nje kabisa, nimelowa, na yeye ndani.

Alizaa siku tatu baadaye. Nilipofika na chakula mjomba aliweka kidole mdomoni mwake. "Polepole. Tuna wageni." Alikuwa amechimba mfereji kuzunguka banda, na sikuwa nimemwomba. Watoto walikuwa wanne. Wiki ile mvua ilinyesha sana, na kila asubuhi nilipanda mlima huku naogopa kufika. Kila asubuhi nilipeleka mkono ndani na kukuta joto.

Lakini siku ya sita walikuwa watatu. Wa nne hakuwa amekufa kwa baridi. Alikuwa amebanwa ukutani, mama yake amemlalia. Nilimwangalia mjomba, naye akasema, "Hutokea." Najua hutokea. Lakini najua pia kwamba nilimpima mbwa mmoja aliyejikunja, upana wa ungo, na nikajenga upana wa ungo. Sikumpima mama anayenyonyesha, ambaye hajikunji, bali hulala ubavu na kunyoosha miguu. Nilimpima alivyokuwa, sikumpima atakavyokuwa.

Watatu waliobaki wamefungua macho. Juzi tumehamia ng'ambo ya mto kwenye viazi. Mjomba aliwabeba kwenye tenga, mama yao akawa anaruka ruka kando yake, na mimi nilibeba banda. Lilisimama huko kabla bibi hajamaliza kuwasha moto.

Sasa nataka kutengeneza lingine, maana mwakani atazaa tena. Nataka liwe na ubavu unaoweza kuvutwa nje mama akizaa na kurudishwa ndani wakati wa safari, na bado mtu mmoja aweze kulipandisha mlimani. Nimejaribu kwa karatasi mara nyingi. Kila ninapopata upana, paa linakosa nguvu. Nimefikiria pia ukingo wa mwanzi ndani, juu kidogo ya ardhi, ili mtoto akisukumwa apate nafasi chini yake, lakini sijui uwe juu kiasi gani. Kama wewe unayesoma umewahi kujenga kitu cha namna hii, au unafuga mbwa na umeona wanavyolala na watoto wao, tafadhali niandikie. Hata ukichora tu bila maneno, nitaelewa. Na kama unaona nimekosea mahali, niambie ni wapi, nipate kurekebisha kabla ya masika.